Herufi S Ilinitesa Miaka Miwili

Seti yangu ya kwanza ya gofu niliinunua mtumba, hapa Dar, kwa mzee aliyekuwa anahama nchi. Kila shafti, yaani mpini wa fimbo, ilikuwa na kibandiko chenye herufi S, yaani ngumu, nami nikavimba kichwa. R, yaani ya kawaida, niliiona ya watu waliochoka. Nikapiga nazo miaka miwili, mipira ikiruka chini chini na kuishia vichakani upande wa kulia.

Aliyenifumbua macho ni kedi, mbeba fimbo wetu. Tuko shimo la 14, jua la saa nane, mgongo umelowa, akachomoa draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, ya mzee niliyekuwa nacheza naye. "Bosi, hebu jaribu hii. Yako inakupiga wewe." Shafti ilikuwa R. Sikukaza chochote, mpira ukapanda, ukanyooka, ukatua katikati ya majani mafupi. Mzee akacheka mpaka akakohoa.

Fimbo inaposhuka, shafti hupinda, kisha hunyooka inapoufikia mpira. Kama kasi yako ni ndogo na shafti ni ngumu, haipindi vya kutosha: mpira unakuwa wa chini, mara nyingi unakimbilia kulia (kwa anayepiga kwa mkono wa kulia), na mikononi unasikia kama umepiga jiwe. Shafti laini mno nayo hupandisha mpira kupita kiasi na kuuvuta kushoto. Ila usiisingizie shafti kila kitu. Mshiko mbaya unaleta madhara yaleyale.

Kwa draiva, makadirio ya kawaida ni haya: kasi ya kichwa cha fimbo ikiwa maili 85 hadi 95 kwa saa, chukua R; ikiwa 95 hadi 105, chukua S; zaidi ya hapo, X, ngumu kupita S. Kati ya 75 na 85 kuna A, laini kuliko R, na chini yake L, ambayo wameipachika jina la wanawake ingawa wanawake wengi ninaocheza nao hawaihitaji. Nilipopimwa kwa mashine ya rada nilipata 88. Miaka miwili ya majivuno, kumbe 88!

Hizo herufi zenyewe hazina kipimo kimoja kwa viwanda vyote. R ya huyu yaweza kuwa ngumu kama S ya yule, kwa hiyo usinunue bila kupiga. Piga mipira kumi, na usihesabu ule mmoja uliokwenda vizuri kuliko yote. Tena pima ukiwa umechoka, kwa sababu swingi (mzungusho wako wa fimbo) ya shimo la 14 ndiyo utakayoishi nayo. Angalia na uzito: shafti za chuma zilinichosha mapema kuliko za grafiti.

Kama huna mashine na unakadiria kwa umbali, kumbuka ulipo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira unaruka mbali zaidi. Niliwahi kucheza huko siku mbili nikarudi nimeshawishika kwamba S inanifaa sasa. Dar ikanirudisha kwenye R ndani ya mashimo matatu.

Ile seti bado ipo stoo. Kijana wa jirani, miaka 19, aliijaribu mwezi uliopita, na fimbo zilezile zikamtii kama mbwa wake. Ameniuliza bei. Sijamtajia.