Muulize Bwana Shamba: Tarakimu za Mfuko Zinasema Nini?

*Asalaam aleikum, Bwana Shamba. Duka moja mjini Tanga limeniuzia mbolea ya NPK 17:17:17 ya kupandia mahindi. La jirani wanasema DAP 18:46:0 ndiyo yenye nguvu, kwa kuwa namba zake ni kubwa. Nimwamini nani?* – Msomaji, Pongwe

Waaleikum salaam. Tarakimu hizo ni asilimia ya uzito, na mpangilio wake haubadiliki: nitrojeni, fosforasi, potasi. Kwa mfuko wa kilo 50, nusu ya kila tarakimu ndiyo kilo zilizomo. 17:17:17 ina kilo 8.5 za kila kirutubisho. DAP ina kilo 9 za nitrojeni na 23 za fosforasi, potasi hakuna. Kwa hiyo swali si nguvu, ni udongo wako umepungukiwa na nini. Ukiwa na upungufu wa potasi, DAP haitakufaa hata ukimwaga mifuko kumi.

Hapa pana mtego unaowanasa hata wauzaji. Zile kilo 23 si fosforasi tupu. Zimehesabiwa pamoja na oksijeni, ndiyo maana huandikwa P2O5. Fosforasi tupu humo ni kama kilo 10. Majibu ya vipimo vya udongo nayo huweza kuandikwa kwa P peke yake. Ukishauriwa kilo 20 za P kwa hekta, zidisha kwa 2.29: ni kama kilo 46 za P2O5, yaani mifuko miwili ya DAP. Ukiidhani ile 20 ni ya P2O5, hata mfuko mmoja hutaumaliza, kisha lawama zote ataangushiwa muuza mbegu. Kwa potasi, K huzidishwa kwa 1.2 kupata K2O, ile inayohesabiwa mfukoni.

Fosforasi haitembei mbali udongoni, basi iwekwe shimoni wakati wa kupanda, ifunikwe kwa udongo kiasi, ndipo mbegu ifuate. Mbegu ikigusana na mbolea huungua. Urea (46:0:0) ni ya kukuzia. Ifukie kwenye udongo wenye unyevu, kwani ikiachwa juu, nitrojeni hupaa kama gesi ya amonia.

*Mahindi ya F1 niliyovuna nimeyapanda tena. Yameota vizuri, ila mabua yamepishana urefu na magunzi ni madogo. Mbegu imechakaa?* – Msomaji, Korogwe

Haijachakaa. F1 ni kizazi cha kwanza cha wazazi wawili wa koo tofauti, kila ukoo ukiwa umezalishwa wenyewe kwa wenyewe hadi ukafanana. Ulichopanda ni kizazi cha pili: sifa zilizokutanishwa zimeanza kuachana, na ile nguvu ya uchotara imeshuka. Nunua F1 mpya kila msimu. Ukitaka kujiwekea mbegu, panda ya uchavushaji huria, iliyoandikwa OPV, kama Staha au TMV-1. Chagua mabua mazuri yangali shambani, katikati ya shamba, lililo mita 200 au zaidi kutoka mahindi ya aina nyingine.

*Dawa yenye mstari wa kijani ni dhaifu kuliko ya njano?* – Msomaji, Lushoto

Rangi humhusu mtu, si mdudu. Nyekundu ni hatari kuliko zote, kisha njano, bluu, na kijani. Nguvu ya dawa isome kwenye kiambato amilifu: gramu 50 kwa lita ni sawa na asilimia 5. Na "siku 14 kabla ya kuvuna" huhesabiwa kuanzia mpulizo wa mwisho. Si ratiba ya kupuliza.

*Mchungwa wangu wa kubebesha una tawi lenye miiba mirefu, limezaa malimau. Umegeuka?* – Msomaji, Muheza

Haukugeuka. Hiyo ni mimea miwili: chini shina la mlimau, juu kikonyo, yaani kijiti kilichobebeshwa, cha mchungwa. Tafuta kovu la maungio, kisha fuata tawi hilo hadi linapoanzia; utalikuta chini ya kovu. Liondoe hadi kwenye shina, usiache kisiki. Machipukizi mapya ya hapo yang'oe kwa mkono yakiwa laini, kwa sababu ukiyakata kwa panga hurudi kwa wingi. Ikiwa juu ya kovu hakuna tena tawi la chungwa, kikonyo kimekufa: bebesha upya. Na kovu lisifukiwe wakati wa kupanda, kwa kuwa gome la mchungwa likikaa kwenye udongo wenye maji huoza na kutoa gundi.