Sindano ya uzazi wa mpango na chunusi zisizoisha

SWALI: Daktari, nina miaka 27. Chunusi zinanitoka kwenye taya na kidevu, kubwa na zenye maumivu. Natumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Rafiki yangu alipona chunusi kwa vidonge vya uzazi wa mpango. Kama vyote ni homoni, mbona sindano hainisaidii?

JIBU: Dada yangu, vyote ni homoni, ila si homoni zilezile. Sindano yako ina projestini (homoni ya kutengenezwa inayoiga projesteroni, homoni ya kike) peke yake, nayo kwa baadhi ya wanawake huchochea chunusi. Kipandikizi na kitanzi chenye homoni vinaweza kufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo swali langu la kwanza lingekuwa: chunusi zilianza kabla ya sindano au baada yake?

Vidonge vinavyotibu chunusi ni vile vya mchanganyiko, vyenye estrojeni (homoni nyingine ya kike) na projestini pamoja. Estrojeni hulifanya ini litoe kwa wingi protini inayoikamata testosteroni, homoni ya kiume, kwenye damu (ndiyo, wanawake nao wanayo), na ovari nazo hupunguza kuitengeneza. Testosteroni iliyo huru ikipungua, tezi za ngozi hutoa mafuta kidogo na vinyweleo havizibi ovyo.

Lakini tafadhali usimeze vya rafiki yako. Estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, na mimi simwandikii mtu vidonge hivi kabla ya kumpima shinikizo la damu. Mwenye shinikizo la juu, aliyewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu, mwenye saratani ya matiti, anayepata kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, au mvutaji sigara aliyefikisha miaka 35, havimfai. Mtaje daktari dawa zote unazotumia. Rifampisini ya kifua kikuu, kwa mfano, hupunguza nguvu ya vidonge na unaweza kushika mimba. Mweleze pia hedhi yako ilikuwaje kabla ya sindano. Ikiwa ilikuwa ikiruka miezi na una ndevu zinazoota, ovari zichunguzwe.

Ukikubaliwa, anza vidonge kabla kinga ya sindano haijaisha. Kisha vumilia, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa: mwezi wa kwanza uso unaweza hata kuchafuka zaidi, na nafuu ya kweli huchukua miezi mitatu hadi sita. Katika kipindi hicho endelea na dawa ya kupaka, kama benzoili peroksaidi. Ukiviacha baadaye, chunusi zinaweza kurudi.

Ukiwa kwenye vidonge, mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana, pumzi ikikata ghafla au kichwa kikiuma kuliko ulivyowahi kuumwa, usisubiri siku ya kliniki. Nenda hospitali saa hiyohiyo.