Kipimo kimoja kimejitenga na vingine: nikifute?

Swali: Mwalimu, natafuta g (mchapuko wa mvutano wa dunia) kwa pendulumu, yaani gololi inayoning'inia kwenye uzi, yenye urefu wa sm 50. Nimepima muda wa mibembeo 20 (kwenda na kurudi) mara tano, nikapata sekunde 28.3, 28.5, 27.0, 28.4 na 28.4. Mwenzangu anasema nifute hiyo 27.0 niandike 28.4, kisha ninakili jedwali lote kwenye karatasi safi. Ni sawa?

Jibu: Usifute, na karatasi ya kwanza usiitupe. Katika namba zako tano, hiyo 27.0 ndiyo inayosema mengi.

Wastani wa zile nne nyingine ni sekunde 28.4, yaani mbembeo mmoja huchukua 1.42. Sasa toa 27.0 kwenye 28.4. Inabaki 1.4: mbembeo mmoja kamili! Stopwochi haina kosa, kilichokosewa ni kuhesabu. Chanzo cha kawaida ni kubonyeza huku unasema "moja", ukifika "ishirini" gololi imebembea mara 19 tu. Hesabu kwa kurudi nyuma, tatu, mbili, moja, sifuri, ubonyeze kwenye sifuri. Na uanze gololi inapopita katikati, ambako ina kasi kubwa kuliko kote. Mwishoni mwa mbembeo inasitasita, jicho halijui imegeuka lini. Simamisha kijiti nyuma ya uzi kiwe alama yako.

Kipimo cha tatu kikate kwa mstari mmoja wa kalamu, kiendelee kusomeka, na pembeni uandike: "huenda ni mibembeo 19, hakimo kwenye wastani". Kisha pima mara ya sita. Ukikijumlisha hicho cha tatu, g inatoka 9.99, ukikiacha nje, 9.79. Ndiyo, jibu linapendeza zaidi bila hicho kipimo, lakini sababu ya kukiacha ni ile tofauti ya 1.4. Kukaribia namba ya kitabuni si sababu, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopotoshwa. Wanaambiwa data nzuri ni ile iliyofanana. Basi kila kinachojitenga kinafutwa, hakuna anayeuliza kimejitenga kwa kiasi gani.

Chukua mfano mwingine: 28.4, 28.5, 28.8, 29.0. Hapa hakuna kilichojitenga, na mwenzako angechukua wastani akaenda zake. Lakini tazama mpangilio: muda unapanda tu. Uzi unateleza kwenye kibano. Kutoka 28.4 hadi 29.0 ni sawa na pendulumu kurefuka kwa sm 2 hivi. Anayenakili upya na kupanga namba kutoka ndogo hadi kubwa amejiondolea njia ya kugundua hilo, kwa sababu namba zote zikipangwa hupanda. Kwa hiyo andika kwa mfuatano uliopima, papo hapo, kwa kalamu, na pima urefu kabla na baada. Jedwali safi la ripoti ni ruhusa. La kwanza liambatanishwe, hata likiwa na makato na madoa.

Na hili la kuandika 28.4 mahali ambapo hukupata 28.4 lina jina lake, ni kupika data. Wapo wanaokwenda mbali zaidi, wanasambaza majedwali yaliyokwisha kujazwa kwa urefu wote, sm 20 hadi 100, eti kumwokolea mwanafunzi muda. Walianza na 9.81, g ya kitabuni, wakarudi kinyume hadi kwenye sekunde. Majedwali hayo hayana haja ya mpelelezi. Mkono wa mtu kwenye stopwochi huwahi au kuchelewa kwa sehemu moja au mbili za kumi za sekunde, kwa hiyo vipimo vitano vinavyolingana hadi desimali ya pili, kwenye kila mstari wa jedwali, havikupimwa kwa mkono. Kama bado kuna shaka, swali moja linatosha: urefu ulipimwa hadi wapi? Aliyepima atajibu hadi katikati ya gololi, na kipenyo chake anacho kwenye daftari. Aliyepewa jedwali atataja urefu wa uzi.