Mama ndiye wa kuulizwa

Wiki iliyopita mliuliza: "Reli ya kisasa ikifika kwenu, utakwenda kijijini mara nyingi zaidi?" Nimelisoma swali hilo mara tatu na limenikaa rohoni, ndiyo maana naandika.

Jibu langu ni hapana. Kwetu ni Usoke, ukishaiacha Tabora kuelekea Kigoma, kabla hujafika Urambo. Nakwenda mara moja kila baada ya miaka miwili, na kinachonizuia si mwendo wa treni. Ni likizo. Ni ada za watoto zinazoangukia Januari. Ni ile aibu ya kushuka mikono mitupu wakati kila nyumba inajua umetoka Dar. Hayo hayapungui hata treni ikipaa.

Na mwendo wenyewe nimeuonja. Kazi ilinipeleka Dodoma, nikapanda treni ya mwendokasi, chini ya saa nne nikawa nimefika. Safi, sina neno. Ila nilikuwa nimeinamia simu, na nilipoinua kichwa mahandaki ya Kilosa tulikwishayapita, na Kidete nayo imebaki nyuma. Kidete! Niliona vibaya moyoni, kama mtu aliyepita mlangoni kwa shangazi yake bila kubisha hodi.

Mwanzoni mwa 1998, zile mvua za Elnino, mimi nina miaka kumi na miwili, tulitoka Dar Jumanne jioni, mama, mimi na mdogo wangu wa mgongoni. Daraja la tatu. Mama alikuwa amemwandikia bibi barua kwamba tutashuka Usoke Jumatano usiku. Alfajiri treni ikasimama Kidete. Mbele maji yalikuwa yamekula tuta, mataruma yananing'inia na reli zake kama ngazi ya kamba. Tukaambiwa tusubiri mafundi wajaze mawe.

Tulilala hapo usiku wa Jumatano na usiku wa Alhamisi. Siku ya kwanza watu waligombana kwa ajili ya maji na nafasi za kukaa. Siku ya pili hakuna aliyekuwa na nguvu za kugombana. Wanakijiji walileta viazi vya kuchemsha na kuni, na akina mama wa behewa letu wakawasha moto kando ya reli, kwenye mafiga matatu ya mawe ya relini. Mmoja alikuwa na unga wa sembe anaupeleka Uvinza. Mwingine alikuwa na sufuria mpya, bado ina karatasi yake ya dukani, zawadi ya harusi ya mtu, akaitoa. Mama akafungua mfuko wa bibi. Mlemle mlikuwa na sukari kilo tano, majani ya chai na miche miwili ya sabuni, vitu alivyovinunua kidogo kidogo tangu Septemba. Akachota sukari kwa kikombe cha plastiki akatia kwenye uji wa watoto. Asubuhi kikombe, jioni kikombe. Nilimwona kila mara akiufunga ule mfuko anaupima kwa mkono, halafu anaangalia pembeni.

Ijumaa asubuhi tukaondoka kwa mwendo wa jongoo. Saranda nilitamani kuku wa kukaanga, mama akasema hela imekwisha. Usoke tulifika Jumamosi, kunaanza kupambazuka. Treni pale haikai, mizigo inapitishwa dirishani huku unaomba Mungu. Nilipotoa kichwa nikaona taa inatembea chini, sambamba na mabehewa. Ilikuwa kandili, chimni yake imepasuka na kuzibwa kwa karatasi ya daftari, na aliyeishika alikuwa bibi, anaita jina la mama yangu kwenye kila dirisha, na sauti imeshamkauka.

Alikuwa amelala hapo stesheni usiku tatu. Kijijini kwake ni mwendo wa saa tatu kwa miguu, na mjomba alimsihi warudi, akakataa. Stesheni masta alimwambia treni imesimama Kidete. Akauliza Kidete ni wapi. Akaambiwa ni mbali, kabla ya Dodoma. Akauliza tena, huko wana maji? Matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, aliyotuletea hakuyagusa, alikuwa anaomba ugali kwa mke wa stesheni masta.

Mama akapiga magoti kwenye kokoto, akamwamkia kwa kilugha: "Mwangaluka mayu," yaani umeamkaje mama. Halafu, kabla hata ya habari za nyumbani, akaanza kujieleza kuhusu sukari, kwamba imebaki chini ya nusu. Bibi akamkatiza: "Hao watoto waliokunywa uji, wameshuka salama?"

Nilipoanza kuandika nilitaka kisa hiki kiwaonyeshe kwamba treni ya zamani ilikuwa na utu ambao ya sasa haina. Sasa nikiyasoma niliyoandika, ninachokiona ni mwanamke mzee amelala sakafuni usiku tatu kwa sababu hana njia ya kujua kama mwanawe yu hai. Utu ulikuwa wa wale akina mama. Treni ilitukalisha njaa tu.

Bibi alishafariki. Anayekaa Usoke sasa ni mama, amestaafu, magoti yanamsumbua, na kila baada ya miezi mitatu anatakiwa kuja Dar hospitali. Anakuja na basi. Anashuka Mbezi miguu imevimba mpaka viatu amevishika mkononi, na ananiambia hajambo. Mimi mwaka huu mzima sijakwenda, yeye amekuja mara tatu. Kwa hiyo mlipouliza kama mimi nitakwenda mara nyingi zaidi, mlimuuliza mtu asiyehusika sana.

Basi nabadilisha jibu, ni ndiyo, kwa ajili yake. Kipande cha reli ya kisasa cha Makutupora hadi Tabora kikamilike, na cha Tabora hadi Kigoma, ambacho mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022, kifuate. Nami nitaona aibu kubaki na kisingizio cha likizo wakati mgonjwa anasafiri kunizidi. Lakini treni isimame Usoke, au angalau Urambo, maana vituo vikiwa vya kuruka ruka atarudi palepale kwenye bodaboda. Na ndoo yake ya asali aruhusiwe kupanda nayo, hawezi kuja kwa wajukuu bila hiyo. Na nauli isimshinde mstaafu. Ikimshinda, rudini kwenye lile jibu langu la kwanza.

Msomaji wenu,
Buguruni, Dar es Salaam