Kidude: neno la kitu kisicho na jina mdomoni

Ndugu, umeuliza "kidude" maana yake ni nini hasa, na kama ni adabu kuiita hivyo simu au rimoti ya mtu. Nimetengeneza simu Kariakoo kwa miaka kumi na moja na neno hili nalisikia kutwa, kwa hiyo nakujibu kwa yale niliyoyaona.

Shina lake ni "dude", yaani kitu kikubwa au kisichofahamika, wingi wake "madude". Ukilidogosha unapata kidude na vidude. Halina umeme wala teknolojia ndani yake. Hutaja kitu ambacho msemaji anakiona, hata anakishika, ila jina lake halimjii. Mama mmoja alinijia, akagusa kwa ukucha tundu la chaji lililolegea, akasema, "Mwanangu, hiki kidude hakishiki waya." Simu yenyewe aliiita simu, kidude kilikuwa ile sehemu tu.

Ndiyo maana kitu kikishapata jina, kidude hujiondoa chenyewe. Wateja walioniletea "lile dude kama simu kubwa" walianza kusema kishikwambi bila kufundishwa, baada ya makarani wa sensa ya 2022 kupita navyo nyumba kwa nyumba.

Kuhusu adabu, uwe mwangalifu. Mtaani neno hilo husitiri pia sehemu za siri, kwa hivyo "kidude chako", ukimwambia mkubwa wako au mtu wa jinsia nyingine usiyemzoea, laweza kusikika vibaya. Mimi husema "simu yako" au "kifaa chako". Lakini lenyewe si tusi hata kidogo: Fatuma binti Baraka, mwimbaji wa taarabu na unyago wa Zanzibar aliyefariki mwaka 2013, aliheshimiwa kote kwa jina la Bi Kidude, na hapo tunasema "Bi Kidude aliimba", kamwe si "kiliimba".

Katika maandishi ya kazi liache kabisa. Mwaka wangu wa kwanza niliandika kwenye risiti "kidude kimebadilishwa". Mteja akarudi baada ya wiki tatu, spika haitoi sauti, akidai ndiyo niliyomwekea mpya, nami nikikumbuka kwamba nilibadilisha maiki. Risiti haikuweza kutuamua, nikamwekea spika bila malipo. Tangu siku hiyo kila kipuri nakiandika kwa jina lake.