Enkoda yako ya Base64 bado haijashinda

Mkuu, umesema enkoda yako (msimbo wa kugeuza baiti kuwa maandishi ya Base64) imeipiku kwa kasi java.util.Base64, ile inayokuja na Java, mara tatu. Lakini kitanzi ndani ya main chenye System.nanoTime (saa ya Java) mwanzo na mwisho hakitoshi kusema hivyo. Mizunguko ya kwanza HotSpot, mashine inayoendesha programu za Java, bado inatafsiri baitikodi hatua kwa hatua, polepole. C1 na C2, kompaila zake zinazoigeuza baitikodi kuwa msimbo wa kasi, huingia baadaye. Wewe umeanza kupima enkoda ya Java, kwa hiyo ndiyo iliyobeba gharama ya kupasha mashine moto. Tena matokeo huyatumii popote, na C2 ikigundua hilo inaweza kuifuta kazi yote. Ukiona nanosekunde 1 kwa baiti 4,096, ujue hakuna kilichoenkodiwa hapo.

Hamia JMH, zana ya kupima kasi ya msimbo wa Java. Rudisha safu ya baiti kutoka kwenye metodi ya @Benchmark (au mpe Blackhole, kipokezi cha JMH kinachozuia matokeo yasifutwe, aimeze), data ikae kwenye @State (darasa linalotunza data ya jaribio), na uweke fork 3 hivi, yaani kuanzisha Java upya mara tatu. Pima baiti 16 na megabaiti 1 kando kando, maana mshindi anaweza kubadilika.

Ongeza pia -prof gc, chaguo la JMH linaloonyesha kumbukumbu inayotengwa. Enkoda yangu ya heksa niliisifia wiki nzima, kumbe ilikuwa inazaa String mpya kwa kila baiti! Nilipoweka safu moja iliyopimwa ukubwa mapema, gc.alloc.rate.norm (baiti zinazotengwa kwa kila mwito) ikaporomoka.