Sidaiwi na mtu, mbona benki hainijui?

Ujumbe mwingi uliotufikia mwezi huu unauliza jambo moja kwa njia tofauti: mtu hana deni popote, anaomba mkopo, anajibiwa kwamba hana historia kwenye CRB, yaani ofisi zinazoweka kumbukumbu za mikopo ya watu. Sheria ninazozitaja hapa ni za Kenya. Swali la mwisho pekee limetoka Marekani.

Nauza mboga Kongowea, na sijawahi kukopa, si benki si kwenye simu. Nililelewa nikiambiwa deni ni fedheha. Juzi niliomba 80,000 za kununua friji, nikaambiwa sina rekodi CRB. Nimekosa wapi? – Muuza mboga, Mombasa

Hujakosa popote, mama. Tatizo ni kwamba CRB haiandiki uaminifu wa mtu, inaandika madeni yake. Miongoni mwa ofisi zenye leseni ya Benki Kuu kwa kazi hiyo ni TransUnion, Metropol na Creditinfo. Mfumo huu ulipoanza kupokea taarifa mwaka 2010 uliletewa majina ya walioshindwa kulipa tu, ndiyo sababu hadi leo mtu akitajiwa CRB anaona kama ametajiwa polisi. Kanuni za 2013 zikapanua mambo, na sasa hata anayelipa vizuri anaandikwa. Lakini lazima kwanza awe na cha kulipa. Akiba yako, mauzo yako, pesa zinazoingia M-Pesa kila jioni, yote hayo hayafiki kule. Benki ikiuliza habari zako inaletewa ukurasa mtupu, na afisa wa mikopo hana la kumwambia mkubwa wake.

Njia ninayoipenda zaidi kwa mtu kama wewe ni mkopo unaodhaminiwa na akiba yako mwenyewe. Ukiwa na 20,000 benki, omba wakukopeshe kwa dhamana ya pesa hizo hizo. Benki haina cha kuogopa, riba mara nyingi huwa nafuu, na kila rejesho linaandikwa kama rejesho la mkopo mwingine wowote. Utaona ni kichekesho kukopa pesa zako mwenyewe. Ni kichekesho kweli, ila hapo ndipo jina lako linapoanza kuonekana.

Ukikosa hiyo, anza na mkopo mdogo wa simu ulio na benki nyuma yake, kama M-Shwari au KCB M-Pesa. Chukua kiasi unachoweza kulipa hata soko likilala wiki mbili, tena kwa mzigo ambao ungeununua hata bila mkopo. Lipa kabla ya tarehe. Usiizoee, maana ada ya mwezi mmoja ukiizidisha kwa mwaka inatisha. Mauzo yako nayo yapitishe kwenye akaunti. CRB hawatayaona, lakini benki yako itayaona, na ndiyo utakayoirudia kuomba friji.

Hustler Fund inasaidia? – Kinyozi, Kakamega

Kwa bei, ndiyo. Mfuko huo wa mikopo wa serikali ulizinduliwa Novemba 30, 2022 ukitoa kati ya shilingi 500 na 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ulipe ndani ya siku 14. Riba ya shilingi 500 kwa siku hizo haifiki shilingi mbili. Asilimia 5 inakatwa kwenda akiba, kwa hiyo usishtuke ukipokea 475. Ukilipa vizuri, kiwango chako ndani ya mfuko huo kinapanda. Ila kama shabaha yako ni benki, usiishie hapo.

Chama chetu kina miaka tisa, tunakopeshana na hakuna aliyewahi kuruka. Kwa nini benki haitambui? – Mweka hazina, Githurai

Kwa sababu daftari lenu mnalisoma wenyewe. Chama hakipeleki taarifa CRB, hata kikiwa na nidhamu kuliko benki yenyewe. Mnachoweza kufanya ni kufungua akaunti ya kikundi na kuomba mkopo kwa jina la chama. Mwanachama anayetaka jina lake binafsi lijulikane aingie pia sacco, na aulize kabla ya kujiunga kama wanapeleka taarifa za marejesho, maana si zote zinazofanya hivyo.

Na sacco ina mtego wake: udhamini. Unamwekea mwenzako saini kwa sababu mnakaa ploti moja, yeye anaacha kulipa, deni linakugeukia wewe. Kama ndiyo kwanza unajenga jina, kataa kwa upole. Anayekuchukia kwa hilo atakuchukia zaidi siku mtakayodaiwa wote wawili.

Nalipia pikipiki kila siku kwa kampuni iliyonikopesha. Nikimaliza, nitakuwa na rekodi nzuri? – Bodaboda, Bungoma

Waulize sasa, kabla hujamaliza, kama wanapeleka taarifa CRB na kwa ofisi ipi. Tangu Aprili 2020 wakopeshaji wa mitandaoni wasio na leseni walizuiwa kupeleka majina ya watu. Wengi walishangilia, na kwa haki, kwani kulikuwa na programu za kutesa watu. Lakini kuna upande wa pili: mkopeshaji asiyeruhusiwa kukusema vibaya haruhusiwi kukusema vizuri pia. Wakikujibu kwamba hawapeleki, weka kila risiti na omba barua ya kumaliza deni. Afisa wa benki mwenye busara ataisoma.

Nimehitimu tu. Rafiki yangu anasema nichukue mikopo ya programu tano kwa mpigo nijenge historia haraka. Pia nina Fuliza ya shilingi 640 kwenye laini niliyotupa. – Mhitimu, Eldoret

Rafiki yako asikupoteze. Kila unapoomba, mkopeshaji anachungulia jina lako, na kuchungulia huko kunabaki kwenye rekodi. Maombi matano kwa wiki moja yanasomeka kama ya mtu aliyebanwa. Mkopo mmoja unaolipwa kwa wakati unatosha kuanzia.

Hiyo Fuliza, yaani deni la M-Pesa la kutumia zaidi ya salio, nenda ukailipe. Kanuni za 2020 zinakataza kupeleka CRB deni lisilofika shilingi 1,000, kwa hiyo huenda hujaorodheshwa. Lakini mkopeshaji akitaka kupeleka jina lako, sharti akuarifu siku 30 mapema, na notisi hiyo ingekwenda kwenye laini uliyoitupa. Omba ripoti yako, kwani una haki ya nakala moja ya bure kila mwaka. Ukikuta deni usilolijua, andika malalamiko kwa ofisi iliyotoa ripoti. Ukikuta ni lako, lipa, ukijua kwamba alama yake inakaa miaka mitano baada ya kulilipa.

Halafu kuna HELB, bodi ya serikali inayokopesha wanafunzi wa vyuo, ambayo nyinyi wahitimu mnapenda kusahau. Riba yake ni asilimia 4, lakini ukikaa kimya faini ni shilingi 5,000 kila mwezi, na HELB hupeleka majina CRB. Kama hujapata kazi, waandikie uwaeleze kabla ya muda kuisha. Kwako wewe huu ndio mkopo wa kwanza kwenye historia yako. Hata hukuhitaji ile mitano.

Nimehamia Minnesota. Kenya nililipa mkopo wa sacco wa miaka minne bila kukosa. Huku hata nyumba ya kupanga nakataliwa. – Msomaji, Minneapolis

Pole. Rekodi ya Kenya kwa kawaida haivuki bahari, ingawa jina la TransUnion utalikuta huko pia. Alama ya FICO, ambayo wakopeshaji wa huko hupimia ulipaji wa mtu, ya kati ya 300 na 850, haitoki mpaka uwe na akaunti ya mkopo yenye umri wa miezi sita. Anza na kadi ya mkopo yenye amana: unaweka kwa mfano dola 200, na kikomo cha kadi kinakuwa hizo 200. Nunulia petroli au chakula kidogo, lipa bili yote kila mwezi, usiijaze, kwani kiasi unachodaiwa ni kama asilimia 30 ya alama na kulipa kwa wakati ni 35. Kama huna namba ya Social Security, zipo benki zinazokubali ITIN, namba ya mlipa kodi. Kuhusu nyumba, mwonyeshe mwenye nyumba karatasi za mshahara, na umuulize kama atakubali amana kubwa zaidi au mtu wa kukudhamini.